Vifuko vya Tochi Kumi na Moja

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu mpenzi, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Huko uliko hali yako ikoje? Kikohozi kimekuachia? Na ule mguu ulioteguka kwenye ngazi umepona kweli, au unajikaza tu ili nisiulize? Mimi ni mzima. Nakula, nalala kiasi. Magoti ndiyo yanalalamika asubuhi, lakini nikishayatembeza mpaka kazini yanasahau.

Utashangaa mwandiko. Barua zote za nyuma aliniandikia jirani yetu fundi viatu, mimi nasema na yeye anaandika, huku akichomekea maneno yake makubwa yale ya taadhima, ambayo najua yalikuchekesha. Hii naandika mwenyewe, na kila nikimaliza mstari napumzisha mkono kama mtu aliyetua gunia. Herufi zinapanda na kushuka, nisamehe, shule yangu unajua iliishia wapi. Fundi viatu alishangaa nilipomwomba karatasi bila yeye. Akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia ndiyo, na ana meno yote, si kama wewe. Akacheka mpaka nyundo ikamwanguka. Simu yake pia ipo, angenipa nikupigie, lakini atakuwa amesimama pale pale anasikiliza. Na mimi nikisikia sauti yako nitasema niko salama, nitakata, na hakuna la maana nitakalokuwa nimesema.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nimefurahi kwamba chumba kipya kina dirisha, na kwamba wenzako wa pale kwenye ufuaji wa shuka za hoteli wamekuzoea. Nikafika pale ulipoandika kwamba umenunua tochi kubwa ya kuchaji, ile ya kushika kama bastola, sawasawa na zile ninazozitunza mimi kazini, kwa sababu korido ya kwenu haina taa. Nikasema mwanangu ana akili. Halafu ukaandika, na ukaandika kwa furaha kabisa, kwamba unaiviringisha taulo ili kioo kisikwaruzike, kama Mama anavyozivisha za kwake, na unailaza chini ya mto.

Mwanangu, weka barua hii chini sasa hivi. Nenda kaitoe tochi chini ya mto. Ivue hilo taulo. Isimamishe mezani, kioo kikitazama mahali patupu, si pazia, si nguo, si godoro. Pembeni ya kile cha kubonyeza kwa kidole pana kitufe kidogo cha kufunga. Kisukume mpaka kilie ta. Ukibonyeza na taa isiwake, ujue umefunga. Halafu rudi, kaa, endelea kusoma. Mimi nakusubiri hapa hapa.

Umerudi? Haya.

Ningeweza kuishia hapo, nikakutumia kikaratasi kimoja chenye maneno kumi. Lakini wewe tangu ulipojua kusema ni mtoto wa kuuliza kwa nini. Kwa nini mvua, kwa nini kuku, kwa nini baba harudi. Nikikwambia usiivishe taulo utauliza kwa nini, Mama, na wewe ndiye uliyeniandikia kwamba unazivisha za kwako? Jibu lake ni refu, na ndilo lililofanya nisimwite fundi viatu.

Nianzie mbali kidogo. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Najua ni vyumba viwili vile vile, lakini vimekua. Nikirudi kazini naweka mfuko mezani na sauti ya mfuko ndiyo mazungumzo yangu ya jioni. Kuna siku nilijikuta nimepika chakula cha watu wawili, nikala cha wa kwanza, nikakaa nikikitazama cha wa pili. Sikulaumu, mama, usije ukalia huko ukaacha kazi. Nakueleza tu ili uelewe kwa nini nilizipenda zile tochi kupita kiasi cha tochi.

Pale kwetu kwenye ghala la magodoro, kama nilivyokueleza, hakuna madirisha, na safu za nyuma ziliondolewa taa tangu waya ulipopiga shoti miaka ile. Kwa hiyo hata saa nne ya asubuhi mlinzi akiingia safu ya saba ni giza tupu, lazima awe na tochi kubwa mkononi. Tochi ziko kumi na moja. Kazi yangu ni kufagia ofisi, na baada ya kufagia, kuzitunza hizo. Nina chumba changu kidogo chenye rafu na ufunguo wake. Naziita wanangu, na wapakiaji wamenipa jina, Mama Betri. Kila asubuhi wakipita wananiuliza kama wanangu wameshanyonya, kama kuna aliyeota jino. Nawajibu wote wameshiba isipokuwa baba yao.

Na nakuapia kazi ile nilikuwa naijua. Tochi mpya ikifika siitoi kwenda kazini siku hiyo. Naitia kwenye chaja yake mchana mzima na zaidi, mpaka kitaa chekundu kigeuke kijani, na kikigeuka naitoa, siiachi ikinywa umeme siku mbili, maana betri nayo inavimbiwa. Kila chaja nimeifunga uzi wa rangi ya tochi yake, ili nisije nikaipa hii ya yule. Tochi isiyotumika naichaji hivyo hivyo kila baada ya mwezi, maana betri ikikaa na njaa muda mrefu haiamki tena. Chaja haifunikwi na kitu, haiwekwi penye maji. Kioo nakipangusa kwa kitambaa kikavu na laini, tena kikishapoa. Balbu ikiungua nasubiri ipoe, naishika mpya kwa kitambaa, siigusi kwa vidole. Na kila mlinzi akichukua namwambia neno moja, usimmulike mtu machoni, hata kwa utani, hata dereva anayekukera, mwanga ule unapofusha. Siku moja mpakiaji aliimulika machoni mwake mwenyewe kushindana na mwenzake nani atavumilia. Alizunguka dakika kumi akipapasa magodoro na kuyasalimia.

Haya yote hakuna aliyenifundisha. Tochi zilikuja na kijitabu, lakini maneno yake ni ya lugha za watu wengine. Ungekuwa hapa ungenisomea, ungepambana nayo na kamusi yako. Lakini kililetwa wiki mbili baada ya wewe kupanda gari. Kwa hiyo nilisoma picha. Picha ya jicho nikaielewa. Picha ya matone ya maji nikaielewa. Picha ya mkono na betri nikaielewa. Na kulikuwa na moja, tochi imegusana na kitambaa, na mstari mmoja mwembamba umepita juu yao kwa ulalo. Nikaitazama sana. Nikasema, naam, hii ni tochi iliyofunikwa kitambaa, na ule mstari ni kamba ya kufungia.

Nikashona vifuko. Kumi na moja, kila kimoja kwa kipimo cha tochi yake, na uzi wa kukazia mdomoni. Kitambaa nilikitoa wapi nitakwambia huko chini, usiniharakishe. Walinzi walivipenda. Walisema sasa tochi zinavaa vizuri kuliko wake zao. Na mimi nikaweka sheria yangu, kwamba mtu akimaliza kumulika, kabla hajaiweka tochi chini, aivishe kwanza. Nilijivuna. Nilikwambia kwenye barua, unakumbuka, na wewe ukaenda ukafanya hivyo hivyo.

Sasa kuna mlinzi mmoja, umri wake ni kama wa kaka yako mkubwa angekuwa hai. Wanamwita Kimya kwa sababu hasemi. Akiulizwa jambo anatikisa kichwa na kazi imekwisha. Lakini kwangu alikuwa anasema. Akija kurudisha tochi asubuhi anakaa kwenye lile boksi mlangoni, anakunywa chai yangu, ananieleza mambo ya mtoto wake anayeogopa mbuzi, na mkewe anayemcheka akiimba. Aliniita Mama. Si mama kama watu wanavyomwita kila mwanamke mzima, aliniita Mama kama wewe unavyoniita. Kwa siku nzima, huyo ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kuzungumza naye. Akiondoka nilikuwa nahesabu saa mpaka kesho yake.

Jumatatu iliyopita mvua ilikuwa imenyesha, na yeye alichukua tochi namba nne akamulike paa la safu ya saba aone kama linavuja. Akiwa huko ndani honi ya lori ikalia getini. Akaivisha tochi kifuko, kama nilivyomfundisha, akakaza uzi, akailaza juu ya magodoro na kukimbia kufungua. Tochi ilikuwa bado ya moto. Na kifuko changu nilikuwa nimekishona cha kubana ili kisivuke, kwa hiyo uzi ulipokazwa, kile cha kubonyeza kikabonyezwa na taa ikawaka humo ndani, imelala, kioo kimetazama kitambaa.

Hiyo ndiyo kwa nini, mwanangu. Mwanga wa tochi ile si mwanga tu, ni pasi. Ukiwa nao hewani huusikii. Ukiuzibia nguo unakuwa moto.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuona moshi, nilikuwa nafagia karibu. Nilikamata ndoo ya mchanga nikaingia nikipiga kelele. Magodoro matano yaliungua. Kama si mchanga, na kama si mitungi ya kuzimia moto, lingekwenda ghala lote na watu waliokuwa safu ya tano wakihesabu. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu, ni mimi tu niliungua kidogo kidole gumba, ndiyo maana mwandiko umezidi ubaya.

Msimamizi alikuja, akaiona tochi imeyeyuka pembeni, akasema imeunguzwa na moto. Hakuwaza kwamba moto ndio uliozaliwa kwake. Akauliza nani alikuwa humu, akatajiwa jina moja. Kimya. Mwaka jana Kimya alikutwa na pakiti ya sigara mfukoni mwa koti, na kwenye ghala la magodoro sigara ni dhambi isiyosameheka. Basi ikawa imekwisha. Akaambiwa alivuta. Akasema hakuvuta. Hilo tu, sikuvuta, mara tatu. Akasimamishwa siku ile ile. Jumatano hii inayokuja anaitwa ofisini kwa bosi kusomewa barua ya kufukuzwa, na mtu aliyefukuzwa kwa kuchoma ghala nani atamwajiri tena kulinda hata banda la kuku?

Mimi niliulizwa swali moja. Msimamizi alitaka kujua kama tochi ilikuwa nzima nilipoitoa. Nikasema ilikuwa nzima. Na ni kweli ilikuwa nzima. Sijawahi kusema ukweli ulionichoma kama ule.

Hapa naomba ukae vizuri, maana hili sijamwambia mtu.

Nilipofika kwenye moshi, kabla ya wengine, nilimwaga mchanga, na chini ya mchanga nikaiona tochi namba nne na kifuko changu kimeyeyuka juu ya kioo, kimeganda kama utando wa maziwa. Nikajua palepale, hata kabla moto haujazimika, nikajua yote, mpaka ule uzi wa mdomoni. Nikakibandua. Ndipo nilipoungua kidole. Nikakikunja na kukitia kifuani, ndani ya blauzi, kikiwa bado cha moto, na nikaendelea kupiga kelele watu waje. Mchana ule ule nikavivua vile vingine kumi na kuvileta nyumbani ndani ya mfuko wa ufagio. Walioniuliza niliwaambia navifua.

Niliogopa, mama. Niliuona ufunguo wa kile chumba ukichukuliwa. Nikajiona niko hapa nyumbani mchana na jioni, sauti ya mfuko mezani tu. Nikajiambia ni kijana, atapata kazi. Nikajiambia huenda bosi akamsamehe. Mtu akiwa na hofu anajiambia mengi.

Na kitambaa. Ni gauni lako la buluu lenye maua, lile uliloniachia ukaniambia nikutunzie mpaka utakaporudi. Lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila nikifunga mlango lilitikisika kama mtu. Wiki za kwanza nililisemesha. Baadaye nikaona nikiendelea hivyo majirani wataniita kichaa, nikachukua mkasi. Ni kitambaa laini, kinateleza, nikasema hakitakwaruza kioo. Sikulitunza, mwanangu. Nimelikata vipande kumi na moja na kimoja karibu kiue watu.

Nakuandikia wewe kwanza ili nisiweze kurudi nyuma. Kesho nitakutumia kikaratasi cha lile la tochi tu, ila barua hii nitaiweka wazi hapa mezani mpaka Jumatano. Nikishindwa kwenda kusema, sitakutumia, na itabidi niangaliane nayo kila siku. Mkono umechoka. Naacha hapa.

Alhamisi, asubuhi

Naendelea. Nimekwenda.

Jana nilivaa ile sketi ya kahawia, nikafika mapema, nikafagia ofisi zote ili wasije wakasema nimeacha kazi. Saa tatu wakaingia kwa bosi, yeye bosi, msimamizi, karani wa kuandika, na Kimya amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Mimi sikuitwa. Nikabisha. Msimamizi akatoa kichwa na kuniambia humu nitafagia baadaye. Nikamwambia leo nimekuja kuchafua. Nikapita chini ya mkono wake.

Nikageukia ukutani, nikatoa kitambaa cha mkono kifuani, nikakifungua juu ya meza ya bosi. Kile kifuko kimekuwa kigumu kama ganda la yai, lakini ua moja bado linaonekana. Nikasema yote. Sikulia, ila sauti ilikuwa inatoka na kurudi. Karani aliacha kuandika, bosi akamwambia andika.

Bosi aliagiza kile kijitabu. Karani anajua hizo lugha, akakisoma taratibu akitugeuzia kwa Kiswahili. Mambo ya chaja na betri na maji na macho, yote nilikuwa nimepatia, moja baada ya lingine, mpaka msimamizi akawa ananiangalia. Nilikuwa sijui mawili tu. Kwamba tochi isiwashwe mfululizo zaidi ya dakika chache bila kupumzishwa ipoe. Na ile picha. Karani akasema ule mstari maana yake ni marufuku, kioo kisikaribie kitambaa wala kitu chochote kinachoshika moto. Nikasema mimi nilidhani ni kamba. Karani akacheka kwa pua. Bosi hakucheka. Alimuuliza msimamizi kijitabu kimekaa hapa muda gani bila kusomewa watu, na msimamizi akaanza kusoma kucha zake.

Kimya amerudishiwa kazi hapo hapo, na ile barua ikachanwa mbele yake. Mimi nimepewa onyo la maandishi, nimetia sahihi mwenyewe kwa jina langu kamili, na ufunguo wa chumba cha tochi nimeuacha mezani. Sasa nafagia uwanja wa kupakilia, nje, kwenye vumbi la malori. Vifuko kumi nilivyokuwa navyo nyumbani nimevirudisha, vikachukuliwa. Wamesema hawakunifukuza kwa sababu nimekuja kwa miguu yangu. Tochi wamepewa wapakiaji wazitunze kwa zamu, na jana jioni tayari niliona moja imelala juani. Nilijizuia nisiende.

Lakini si hilo nililotaka umalizie nalo. Nilipotoka ofisini Kimya alikuwa bombani, ananawa uso. Nikamfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumapili, nimeyapanga kama magodoro. Nikamwambia mwanangu nisamehe, nilikuwa naogopa, na namshukuru Mungu kwamba hukujua mtu uliyekuwa unamwita Mama alikuwa anakufanyia nini.

Akafunga bomba. Akaniambia alijua. Alisema siku ile ya moto alikuja na mtungi kwa upande wa pili wa safu, na kupitia kwenye moshi aliniona nikibandua kifuko na kukitia kifuani. Aliniona kwa macho yake. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, wiki nzima na zaidi, na mke na mtoto nyumbani. Akanitazama kama anashangaa ninauliza nini. Akaniuliza angesemaje. Angesimama mbele ya wanaume wale awaambie wanipekue kifuani?

Akasema alikuwa na hakika nitasema mwenyewe. Siku ya kwanza alimwambia mkewe, kesho Mama atasema. Siku ya pili akamwambia hivyo hivyo. Ya tatu mkewe akaacha kuuliza. Akasema ni siku tisa. Hakupaza sauti. Akachukua kofia yake akaenda getini.

Leo asubuhi nimepita pale getini na ufagio. Amesimama vizuri, akanisalimia shikamoo, kama anavyomsalimia mtu mzima yeyote anayepita. Nikaitikia marahaba. Akageuka kufungulia lori geti.

Basi, mwanangu, habari zangu ndizo hizo, na karatasi imekwisha, hapa naandika ubavuni. Tochi yako usiivishe kitu. Nisalimie wenzako wa kufua, hasa yule mama wa pasi uliyesema anakupa chai, mwambie nimemshukuru. Fundi viatu anakusalimu, anadai nimemnyima kazi. Ukiwa na hasira kwa ajili ya gauni, nigombeze, jaza kurasa zote mbili kwa kunigombeza, lakini niandikie.

Ni mimi,
Mama yako